Mlio wa masikio: kifaa cha kusikia kirudishwe kikapangwe upya, kisifungiwe kabatini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Sisi ni wapimaji wa usikivu, na kazi yetu ni kuwapangia watu vifaa vya kusaidia kusikia. Wengi wanaotujia wakilalamika kwamba masikio yanawalia usiku na mchana wamekwisha kuambiwa mambo mawili yasiyopatana. Yuko aliyewaambia kwamba mlio hauna dawa, wavumilie. Yuko mwingine aliyewaambia kwamba wakivaa kifaa mlio utakwisha. Wa kwanza anawakatisha tamaa bure na wa pili anawauzia ndoto. Kidonge cha kuuzima mlio hakijapatikana, hilo ni kweli. Lakini kwa mtu ambaye usikivu wake umepungua, kifaa kilichopangwa kwa kuuzingatia mlio ndicho kitu cha kwanza cha kujaribu. Kinaposhindwa, mara nyingi tunakuta kilipangwa kwa ajili ya mazungumzo tu, na mipangilio inayofaa kwa mazungumzo penye kelele mingi yake ni kinyume cha ile inayoutuliza mlio.

Mlio huo, ambao kitaalamu huitwa tinitasi, ni sauti anayoisikia mtu bila kuwapo kitu nje kinachoitoa. Mmoja husikia filimbi nyembamba, mwingine nyenje, mwingine mvumo wa mashine iliyo mbali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 kwa kujumlisha tafiti za nchi nyingi yaliweka idadi ya watu wazima wenye tinitasi kuwa zaidi ya milioni 740, na wale wanaoiona kuwa tatizo kubwa kuwa zaidi ya milioni 120. Wengi wa wanaofika kliniki kwa ajili yake, wakipimwa, hukutwa usikivu umepungua, hata wale wanaoapa kwamba wanasikia vizuri.

Chanzo kwa kawaida kiko ndani kabisa ya sikio. Koklea, kijiumbo kidogo kilichojiviringa na kujaa majimaji, ina seli za ndani zenye vinyweleo zipatazo 3,500 na za nje zipatazo 12,000. Zikiuawa na kelele, umri au dawa, hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba ndizo hutangulia kufa. Ubongo ukianza kukosa habari kutoka eneo hilo huongeza nguvu ya kupokea, mfano wa redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho ili ikamate kituo dhaifu, ikaishia kutoa mkwaruzo. Ndiyo maana wembamba wa mlio mara nyingi huangukia eneo lile lile la sauti ambalo mtu halisikii tena.

Si nadharia tupu. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio ambalo watu 18 wenye usikivu mzuri walivaa kizibo katika sikio moja kwa siku 7. Watu 14 kati yao walianza kusikia sauti zisizokuwapo, na vizibo vilipotolewa sauti hizo zikatoweka. Mapema zaidi, mwaka 1953 huko Marekani, watu wazima 80 wenye usikivu wa kawaida waliingizwa katika chumba kisichopitisha sauti, na 94% wakasema wanasikia kitu. Anayejifungia chumbani kimya au kuziba masikio kwa pamba ili mlio upungue anaulisha. (Vizibo ni vya mahali penye kelele kali, na huko avivae bila kukosa.)

Kifaa cha kusikia kinafanya kinyume cha kizibo. Kinarudisha sauti ndogo ndogo ambazo mtu amezikosa kwa miaka: friji inayonguruma, nyayo, majani, karatasi inayokunjwa, pumzi ya mtu aliye karibu. Zikirudi, mlio haubaki peke yake jukwaani, na ubongo unapata tena habari kutoka eneo lililokuwa limenyamaza. Faida nyingine husahaulika. Mtu asiyesikia vizuri hushinda siku nzima akikaza masikio, jioni amechoka, na uchovu huo huunyanyua mlio. Akisikia bila kukazana, jioni yake huwa tofauti.

Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1947 madaktari wawili wa Marekani, Saltzman na Ersner, waliandika kwamba wagonjwa wao waliovaa vifaa vya kusikia walipata nafuu ya mlio. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2014 unataka kila mwenye upungufu wa usikivu pamoja na mlio sugu unaomsumbua afanyiwe tathmini ya kifaa. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, inasema kifaa kitolewe kwa mwenye mlio ambaye upungufu wake unamzuia kuwasiliana, kifikiriwe kwa yule ambaye upungufu wake haujafikia hapo, na kisitolewe kwa mwenye mlio ambaye usikivu wake ni mzima. Kipengele hicho cha mwisho tunakiunga mkono kwa nguvu zote, maana kuna wanaouziwa vifaa bila hata kupimwa.

Kabla ya kifaa, daktari. Mlio wa sikio moja tu, au usikivu wa upande mmoja uliopungua kuliko mwingine bila sababu inayojulikana, unahitaji picha ya MRI kuangalia kama kuna uvimbe kwenye neva ya kusikia. Mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo unahitaji uchunguzi wa mishipa ya damu. Usikivu uliopotea ghafla, ndani ya siku 3, ni dharura: dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema, na kadiri wiki zinavyopita nafasi hupungua sana. Usaha, kizunguzungu kikali, uso kupooza upande mmoja au mawazo ya kujidhuru, yote hayo ni ya kuonwa na daktari bila kungoja miadi yetu. Dawa nazo ziangaliwe. Aspirini kwa dozi kubwa, kwinini, jentamaisini, furosemidi na sisplatini zinaweza kuleta mlio, lakini mtu asiache dawa kwa uamuzi wake, amweleze aliyemwandikia. Wako pia ambao tatizo lao zima ni nta iliyoziba. Hao wakisafishwa huondoka bila kifaa wala hoja.

Sasa kipimo. Kipimo cha kawaida cha usikivu huanzia hezi 250 hadi 8,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), na mtu mwenye mlio anapaswa kuutazama zaidi upande wa kulia wa mchoro wa majibu, yaani audiogramu, kwenye sauti nyembamba. Wastani unaotumika kupanga daraja la upungufu huchukuliwa kwenye hezi 500, 1,000, 2,000 na 4,000, na kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 aliye chini ya desibeli 20 huhesabiwa kuwa na usikivu wa kawaida (desibeli hupima ukubwa wa sauti, na kadiri mtu anavyohitaji nyingi ili asikie ndivyo upungufu ulivyo mkubwa). Mtu anaweza kuwa na wastani wa 18 huku hezi 6,000 na 8,000 zikiwa zimeporomoka hadi desibeli 60, akaambiwa masikio yake hayana tatizo, arudi nyumbani. Asirudi. Aombe karatasi yenye mchoro wenyewe, asikubali kupewa neno "kawaida" peke yake.

Pamoja na mchoro, mpimaji atafute mambo mawili zaidi. La kwanza ni wembamba wa mlio: humsikilizisha mtu sauti za majaribio hadi apate inayofanana na yake. Vifaa vingi hupoteza nguvu kuanzia hezi 6,000 kwenda juu, kwa hiyo mwenye mlio ulio chini ya hapo ana matumaini zaidi ya mwenye mlio wa 8,000 au zaidi. Ni vema alijue hilo tangu mwanzo. La pili ni kiwango ambacho sauti huanza kumkera. Wenye tinitasi wengi hawavumilii sauti kubwa, na kifaa kisichowekewa kikomo sahihi kitawaumiza siku ya kwanza.

Tunafika penye kiini cha barua hii. Programu ya kompyuta inayokuja na kifaa ina mpango wake wa kuanzia. Mpimaji akiingiza audiogramu na kubonyeza, kifaa kinakuwa tayari kwa dakika chache, na kliniki nyingi zenye foleni huishia hapo. Mpango huo wa kuanzia mara nyingi hutoa nguvu pungufu katika sauti nyembamba ili mvaaji mpya asishtuke. Nusu ya walalamikaji wa mlio wanahitaji nguvu hapo hapo ilipopunguzwa, tungesema kwa makisio ya mkono, na mpimaji hawezi kuligundua bila kupima ndani ya sikio lenyewe.

Kipimo cha ndani ya sikio hakina maumivu. Mrija mwembamba wa silikoni huingizwa katika tundu la sikio hadi ncha yake ifike kama milimita 5 kutoka kwenye ngoma, ambayo kwa mtu mzima ni takriban milimita 28 hadi 30 kutoka kwenye kikato kilicho mbele ya tundu. Kifaa huvalishwa juu yake, kisha spika mbele ya mtu hutoa usemi kwa viwango vitatu: mdogo, karibu desibeli 50 au 55, wa kawaida, 65, na mkubwa, 80. Skrini huonesha sauti inayofika kwenye ngoma ikilinganishwa na lengo lililokokotolewa kwa fomula kama NAL-NL2 au DSL. Ikipungua au kuzidi kwa zaidi ya desibeli 5 au hivi, hurekebishwa hapo hapo. Kwa mwenye mlio, mstari wa kwanza, ule wa sauti ndogo, ndio wa kukazia macho, kwa sababu sauti za kumsaidia zinaishi huko. Ukikuta kliniki haina kifaa cha kipimo hiki, uliza wengine walio nacho wako wapi. Hatuoni aibu kusema hivyo kuhusu wenzetu.

Baada ya hapo huja mipangilio inayozimwa. Kifaa cha kisasa hupunguza kelele chenyewe, huelekeza maikrofoni mbele kwa anayezungumza, na hunyamazisha sauti hafifu kabisa ili mvaaji asisikie mkwaruzo wa saketi. Vyote vitatu ni vizuri mkahawani, na vyote vitatu humrudisha mwenye mlio kwenye ukimya akiwa peke yake. Kwa hiyo tunapendekeza programu mbili. Ya kwanza ibaki ya mazungumzo. Ya pili iwe ya mlio, nayo ipangwe hivi: maikrofoni isikie pande zote, kupunguza kelele kuzimwe au kuwe kwa kiwango cha chini kabisa, unyamazishaji wa sauti hafifu uzimwe, na kizingiti cha kuanza kubana sauti kishushwe ili sauti ndogo zikuzwe zaidi ya kubwa. Mtu abonyeze kitufe kuingia programu hiyo akiwa nyumbani, anasoma, au anajiandaa kulala.

Kuna gharama yake. Mwenye usikivu mzuri katika sauti nzito, unyamazishaji ukizimwa, ataanza kusikia mchakacho mdogo wa kifaa chenyewe. Wapo wanaoufurahia kwa kuwa unafunika mlio, na wapo unaowaudhi kuliko mlio wenyewe. Kwa hao wa pili unyamazishaji urudishwe kidogo kidogo hadi wapatane nao. Mpimaji asiyemwambia mtu mapema kuhusu mchakacho huo ataletewa kifaa akiambiwa kibovu.

Namna kifaa kinavyokaa tundu la sikio ina uzito kama mpangilio. Ambaye sauti zake nzito ziko salama, tuseme upungufu hauzidi desibeli 30 kwenye hezi 500 na chini yake, avalishwe kipira laini chenye matundu, ili sauti za asili ziingie zenyewe bila kukuzwa. Akivalishwa moldi iliyoziba, yaani kiziba-sikio kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lake, sauti yake mwenyewe itavuma kichwani na mlio utapanda, kwani amewekewa kizibo. Upungufu ukiwa mkubwa hakuna budi kuziba ili kifaa kisipige filimbi, na hapo moldi iwe na tundu la hewa kubwa kadiri inavyowezekana. Sikio linalotoa usaha lisizibwe kamwe, kuna vifaa vinavyopitisha sauti kwenye mfupa. Na kama masikio yote mawili yamepungua, vivaliwe vifaa viwili hata kama mlio uko upande mmoja.

Asiyevumilia sauti kubwa haanzi na lengo kamili. Anaanza desibeli 5 hadi 10 chini, kikomo cha juu kikiwa kimeshushwa, na nguvu huongezwa kwa wiki kadhaa. Vifaa vingine vina mpango wa kujiongeza vyenyewe.

Vifaa vingi vina pia kitoa-mvumo ndani yake, sauti ya kububujika au ya mawimbi isiyo na maana yoyote. Uhakiki wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, wa mwaka 2018 haukuona ushahidi kwamba kifaa cha kusikia, kitoa-mvumo, au kifaa chenye vyote viwili kimoja kinamshinda mwenzake, ingawa waliovitumia kwa jumla walipata nafuu. Ubora wa ushahidi wenyewe ulikuwa mdogo. Hivyo tunaanza na ukuzaji wa sauti peke yake, na mvumo tunauongeza baadaye kama bado mtu anasumbuka mahali penye ukimya. Ukiongezwa, kipimo chake ni hiki: upandishe hadi uusikie, endelea polepole hadi uanze kuchanganyika na mlio, simama hapo. Mlio uendelee kusikika. Anayeufunika kabisa anahitaji sauti kubwa mno, haupi ubongo nafasi ya kuuzoea mlio, na akizima kifaa huuona umerudi na ghadhabu. Usemi wa mtu aliye mbele yako ukianza kumezwa na mvumo, umepitiliza.

Muda wa kuvaa ndio unaoamua. Kifaa kivaliwe kuanzia kuamka hadi kulala. Siku za kwanza saa chache nyumbani zinatosha, kisha kiongezwe kila siku, na ndani ya wiki mbili kifike angalau jumla ya saa 8 kwa siku. Vifaa vingi huhifadhi kumbukumbu ya saa vilivyowashwa, na mpimaji huiona kwenye kompyuta. Ikionesha wastani wa saa mbili kwa siku, hakuna haja ya kugusa mpangilio wowote. Jambo la kuongelea ni kwa nini kinavuliwa. Kinabana? Kinawasha? Sauti ya vyombo inakata masikio? Kila jibu lina marekebisho yake. Wapo wanaopata nafuu wiki ya kwanza, lakini uamuzi tunaufanya baada ya miezi 3, na mazoea kamili huchukua miezi 6 au zaidi.

Nafuu yenyewe ipimwe, isikisiwe. Hojaji inayoitwa THI, iliyotungwa Marekani mwaka 1996, ina maswali 25. Jibu la ndiyo ni alama 4, wakati mwingine ni 2, hapana ni 0, na jumla huishia 100. Alama hadi 16 ni mlio usio na madhara makubwa, 18 hadi 36 ni mdogo, 38 hadi 56 ni wa kati, 58 hadi 76 ni mkali, na kuanzia 78 ni mkali kupita kiasi. Ijazwe kabla ya kifaa na tena baada ya miezi 3. Ikishuka kwa alama 7 au zaidi kuna nafuu ya kweli. Tunasisitiza hojaji kwa sababu ukubwa wa mlio wenyewe unaweza kubaki vile vile huku mtu akilala, akisoma na akizungumza bila kuukumbuka. Anayeulizwa tu "umepungua?" atajibu hapana, na kifaa kitarudishwa dukani kikiwa kimefanya kazi yake.

Malalamiko tunayoyapokea zaidi ni "mlio umerudi". Kabla ya kudhani ugonjwa umezidi, angalia kichujio cha nta. Ni kidude kidogo cheupe kwenye ncha ya spika, na kikiziba, sauti hupungua taratibu kiasi kwamba mvaaji haoni siku ilipoanza. Kinachobaki sikioni ni kizibo cha bei kubwa. Kichujio hubadilishwa kwa kijiti chenye ncha mbili: ncha tupu huingizwa katika kichujio cha zamani na kukivuta nje, kisha kijiti hugeuzwa na ncha yenye kichujio kipya husukumwa mahali pake mpaka kikae sawa na ukingo. Usikisafishe kwa sindano. Utakisukuma ndani na kuharibu spika.

Betri nazo zina hila zake. Zile za zinki na hewa hutambulika kwa rangi ya kibandiko: namba 10 ni njano, 312 ni kahawia, 13 ni machungwa, 675 ni buluu. Bandua kibandiko, iache betri wazi kwa dakika chache hewa iingie, ndipo uifunge katika kifaa. Ukiharakisha, haitafikia nguvu yake yote. Kurudisha kibandiko usiku hakuokoi kitu, kwani betri ikishaanza imeanza. Usiku fungua mlango wa betri, weka kifaa kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha unyevu. Mrija wa plastiki wa vifaa vya nyuma ya sikio hugeuka manjano na kukauka, hivyo ubadilishwe kila miezi 3 hadi 6.

Filimbi huwachanganya wengi, maana inafanana na mlio. Zima kifaa: sauti ikikatika papo hapo, ilikuwa ya kifaa, ikibaki, ni yako. Filimbi ya kifaa pia husikiwa na walio karibu. Husababishwa na sauti inayovuja na kurudi kwenye maikrofoni, na wahalifu ni wale wale: nta imejaa sikioni, kipira ni kidogo, moldi haikubani tena, au kifaa hakikuingizwa hadi mwisho.

Usiku kifaa hutolewa, ngozi ya sikio ipumue. Huo ndio muda wenye mlio wanaouogopa, na ukimya wa chumba wasiuache mtupu. Feni, redio iliyo kati ya vituo au spika ya chini ya mto inatosha, kwa sauti iliyo chini kidogo ya mlio wenyewe.

Neno moja kuhusu vile vikuza sauti vinavyouzwa bila kipimo, vya kuchomeka sikioni. Vingi hukuza sauti zote sawasawa, na zaidi zile nzito ambazo mtu anazisikia tayari. Vingine havina kikomo cha maana, mlango ukibamizwa sauti hupita kiwango cha kudhuru. Kwa sikio ambalo tayari limepoteza seli, hilo ni kulimalizia.

Wako ambao hata kwa mpangilio mzuri kifaa hakitawatosha. Wenye mlio mwembamba kupita uwezo wa kifaa tumekwisha kuwataja. Wenye upungufu mkubwa sana, ambao kifaa hakiwapi usemi wowote, wapelekwe kutathminiwa kwa kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa ndani ya sikio kwa upasuaji, ambacho kwa wengi hupunguza pia mlio. Na wale ambao mlio umewaingiza katika hofu, kukosa usingizi au huzuni wanahitaji tiba ya fikra na mwenendo sambamba na kifaa. Uhakiki wa Cochrane wa mwaka 2020 ulionesha kwamba tiba hiyo hupunguza athari za mlio katika maisha ya mtu, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa njia nyingine nyingi. Kumpeleka mtu huko hakuna maana kwamba mlio wake ni wa kubuni. Tunalisema kwa sababu wengi hulichukulia kama tusi.

Mwisho, Mhariri, tuna ombi kwa magazeti yote. Kurasa za matangazo hubeba matone na vidonge vya "kutibu mlio wa masikio". Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 tulioutaja unawataka madaktari wasipendekeze ginkgo, melatonini, zinki wala virutubisho vingine kwa mlio sugu, na NICE inakataza kumpa mtu dawa ya betahistini kwa ajili ya mlio peke yake. Matangazo hayo yakiletwa, mwombeni mletaji aoneshe jaribio alilofanya na idadi ya watu waliopimwa. Asipokuwa nalo, nafasi hiyo apewe mwingine.

Wapimaji wa usikivu